Sare ya Ruta

Nyumbani kwa Mama Sare hakuna kitu kinachokaa uchi. Jokofu lina kitambaa, redio ina kitambaa, meza ina kitambaa kikubwa na juu yake kidogo, na makochi yana vitambaa vya mgongoni na vya mikononi ambavyo mgeni akikaa ovyo huondoka navyo vimemng'ang'ania. Hata picha ya marehemu mume wake pale ukutani imevishwa kitambaa cheupe juu ya fremu, pembe zake zikining'inia huku na huku. Mchana kutwa mama huyu anashona sare za wanafunzi kibarazani, mashati na sketi za rangi zile zile mpaka macho yanamchoka, na ndiyo maana watu wakampa jina hilo. Jioni anapumzisha macho kwa kufuma vitambaa vya kroshia. Ukimwambia huko si kupumzika bali ni kazi nyingine, atakutazama kama mtu uliyeingia nyumba isiyo yako.

Kwa hiyo binti yake alipokuja likizo na kuweka mtandao nyumbani, mtu hakuhitaji kupiga ramli kujua kitakachofuata. Binti huyo ni muuguzi, anafanya kazi nchi ya mbali, na mama yake humwita Nesi, jina analolitamka mbele ya majirani kwa sauti ya juu kidogo kuliko inavyohitajika. Nesi aliita mafundi wa kampuni, wakavuta waya, wakaacha kisanduku cheusi chenye masikio mawili yaliyosimama na safu ya taa ndogo.

"Hii ndiyo ruta, Mama," akasema. "Taa ikiwa ya kijani, tuko pamoja. Ikiwa nyekundu usihangaike, unazima tu unawasha." Akamfundisha mama yake kupiga simu ya picha, akamfundisha tena, kisha akapanda ndege akarudi kazini.

Ruta ilikaa uchi juu ya jokofu kwa siku chache tu. Seremala wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja kuchukua suruali yake iliyotiwa zipu mpya, aliiona akasema pale ilipo itakula vumbi na mijusi itaigeuza choo. Kesho yake akarudi na kikabati cha mbao alichokipiga randa mpaka kikang'aa, akakipigilia ukutani, na bila kuombwa na mtu alikuwa amekitia mlango mdogo wa kioo wenye bawaba. Naye Mama Sare, asije akazidiwa na seremala ndani ya nyumba yake mwenyewe, akashika uzi wa rangi ya maziwa akafuma kitambaa cha maua chenye matamvua, akaacha matundu mawili kwa ajili ya masikio. Akaivalisha ruta, akafunga mlango wa kikabati, akarudi nyuma kidogo kuitazama. Ilikuwa imependeza, lazima tuseme ukweli.

Simu yao ilikuwa ya Jumapili baada ya chakula cha mchana, saa ambayo bati la nyumba linalia kwa jua na Nesi huko aliko ana mapumziko kabla ya zamu. Mwanzoni walizungumza mambo mepesi. Simu ikikatika waliandikiana ujumbe, "Imekatika," "Naona imekatika," na hakuna aliyekosa usingizi kwa sababu hiyo. Mambo mepesi hata yakikatwa katikati hayatoki damu.

Shida ilianza siku Seremala alipokuja kutengeneza mguu wa meza ya cherehani. Yeye ni mgane, mkewe alifariki zamani na watoto wake wana miji yao. Alikuwa amelala chini ya meza, misumari mdomoni, Mama Sare akimwona miguu tu. Akaitoa misumari akasema, bila kutoka huko chini, "Mimi na wewe kila jioni tunakula kila mtu peke yake. Na barabara yenyewe si pana."

Siku hiyo Mama Sare kazi ilimchanganya. Alishona mashati matatu akayatia mikono nje ndani, ikabidi ayafumue. Siku ya pili alivuka barabara akamkuta anapiga msasa, akamwambia, "Lile neno lako, sijalikataa."

Seremala akaacha kupiga msasa. "Basi mwambie mtoto kwanza," akasema. "Sitaki siku moja aje nyumbani kwa baba yake ashtuke kukuta viatu vyangu mlangoni. Akijua yeye, ndipo nitawaleta ndugu zangu. Asipojua, mimi naendelea kutengeneza meza."

Hilo ndilo lililokuwa mkononi mwa Mama Sare, na hakutaka kuliandika. Jambo kama hilo haliandikwi kwenye ujumbe, mtoto akalisoma amesimama kwenye korido ya hospitali na sinia la dawa. Alitaka kumwona uso. Tangu baba yake afariki, Nesi alikuwa hapendi kuzungumza habari zake. Akilitaja jina la baba sauti inashuka, anageuza mazungumzo. Mama alitaka kuona, akishalisema, yale macho yataenda wapi.

Sasa wewe unajua jinsi watu waungwana wanavyozungumza. Huwezi kumwona mtoto baada ya wiki nzima ukamrukia na habari ya kuolewa. Kwanza salamu, na salamu zina watoto na wajukuu: umeamkaje, kazi inaendaje, yule mgonjwa wako mkorofi amepona, baridi ya huko, unakula, unakula nini, na huku fulani amejifungua, fulani amehama, cherehani ya pili inaruka nyuzi. Jambo lenyewe linangoja nyuma, kama mzee anayewaacha vijana wasalimie kwanza. Ndipo Mama Sare akavuta kiti, akashusha sauti, akasema, "Mwanangu, kuna jambo nataka kukuambia. Usishtuke."

Uso wa Nesi ukaganda mdomo wazi, jicho moja limefumba, kisha ukapotea. Kwenye matundu ya maua taa zote zilikuwa zimezimika.

Alizima, akawasha, wapi. Ilipokuja kuwaka tena Nesi alikuwa ameshaingia zamu. Ujumbe ulikuwepo: "Imekatika Mama. Pole. Jumapili."

Jumapili iliyofuata, salamu, wagonjwa, cherehani. "Lile jambo nililotaka kukuambia," na giza. Jumapili nyingine alijaribu kuharakisha, akaruka habari za majirani, lakini Nesi mwenyewe ndiye aliyeanza kuuliza maswali ya ajabu. Je, mama ana kiu sana siku hizi? Miguu inavimba? Anaamka mara ngapi kwenda msalani? Mama Sare akajibu yote kwa subira, akidhani ndio mambo wanayofundishwa wauguzi, na alipomaliza kueleza hali ya miguu yake, ruta ikafa.

Lugha yetu ina huruma katika jambo hili. Kikombe kimevunjika, chumvi imemwagika, simu imekatika. Hakuna aliyefanya, vitu vimejifanyia vyenyewe, na watu wanaendelea kuheshimiana. Lakini mtu akishaanza kushuku, huruma hiyo haimtoshi. Jioni ile Mama Sare alisoma tena neno la mtoto wake, "Imekatika Mama," akalishika kama anavyoshika mshono, akaligeuza kutafuta uzi ulioachia. Imekatika? Mbona haikatiki tukiwa kwenye cherehani? Mbona inangoja nishushe sauti? Labda kuna mdomo mrefu umeshampelekea habari. Labda anajua, na hataki kusikia, na kidole chake ndicho kinachobonyeza; si alisema mwenyewe taa ya kijani ni tuko pamoja, basi akijitoa yeye, na taa inazimika. Si kwamba imekatika. Ananikatia.

Wazo hilo lilimuuma vibaya. Alikuwa tayari kukataliwa kwa maneno, hata kwa maneno makali, lakini kukatiwa simu na mtoto aliyemzaa ni kitu kingine. Kwa siku kadhaa alimpita Seremala barabarani kama anawahi basi. Seremala naye, mtu wa staha, akawa anasalimia mbao zake.

Kabla ya kumhukumu mtoto, hata hivyo, aliona aipe ruta nafasi ya kujitetea. Akapiga simu kwa kampuni. Sauti tamu ikamuuliza kama amejaribu kuzima na kuwasha.

"Binti, hiyo inajizima yenyewe," akajibu Mama Sare. "Kazi yangu mimi ni kuwasha tu."

Kila alipolalamika ulikuja ujumbe wa kumwomba atathmini huduma kwa nyota, moja hadi tano. Alikuwa akitoa nyota nne, kwa sababu kutoa moja aliona ni kumvunjia mtu heshima. Huko kampuni, bila shaka, walikuwa wakisoma nyota nne na kufurahi. Mwishowe wakamtuma Fundi, mwanamume mnene mwenye ngazi na kifaa cha kupimia.

Mama Sare alijua adabu za kumpokea daktari. Kabla Fundi hajafika alifungua kikabati, akamvua mgonjwa nguo, akaikunja kando, akafuta vumbi. Fundi akapima waya, akapima kasi, akatazama picha za mpira kwenye simu yake muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, na ruta ikawaka kijani mwanzo mpaka mwisho, haikutikisika. "Iko vizuri kabisa," akasema, akaondoka. Mama Sare akaivalisha. Jumapili ikakatika pale pale.

Basi ikawa wazi. Ruta nzima, waya mzima. Aliyebaki ni Nesi.

Alimwita Fundi mara ya pili kwa shingo upande, kama mtu anayeomba apimwe tena damu huku anajua majibu. Akaivua tena, Fundi akapima tena, mambo yakawa yale yale. Ila safari hii jua lilikuwa kali na Mama Sare hakuweza kumwacha mtu wa watu aondoke na koo kavu. Akamwekea chai mezani. Yeye anakunywa, mama akaenda kwenye kikabati, akaipitisha ile sare juu ya masikio ya ruta, akaweka matamvua sawa, akafunga mlango.

Nyuma yake kikombe kilisimama njiani.

"Samahani, Mama. Hapo unafanya nini?"

"Naivalisha."

"Kwani huwa inavaa?"

"Siku zote. Nimeivua kwa ajili yako."

Fundi alimeza chai yake taratibu. Hakucheka, ingawa mabega yalikuwa yanajaribu. Akampigia simu ya picha mwenzake wa ofisini kwa mtandao wa ruta ile ile, akaiacha simu mezani ionyeshe dari, akaomba kikombe cha pili. Wakazungumza habari za bei ya mafuta na magoti. Muda ukapita, kisha dari ikaganda kwenye skrini ikapotea. Fundi akainuka, akafungua kikabati, akamwambia mama aweke mkono chini ya kitambaa. Ruta ilikuwa moto kama pasi iliyotoka kuwekwa kando.

"Inajizima ili isiungue," akasema. "Ikipoa inarudi. Mkiongea kidogo haina shida. Mkiongea sana, kwa picha, mchana, ndani ya kabati, na koti juu," akakitazama kile kitambaa, akatafuta neno la upole. "Kazi ni nzuri, Mama. Lakini hii inahitaji upepo."

Alipoondoka, Mama Sare aliketi na kitambaa mapajani. Kwanza alifurahi mpaka macho yakalowa: mtoto hakumkatia. Alikuwa amemshuku bure, mtoto wake mwenyewe. Salamu zao ndizo zilizoipandisha ruta joto, na kila jambo lilipofika zamu yake, ruta ilikuwa hoi. Kisha likamjia wazo la pili, ambalo halikuwa na furaha. Kama yeye alifikiri anakatiwa, Nesi huko aliko alikuwa anafikiri nini? Na nyuma ya hilo likaja la tatu, likakaa. Jumapili haitakatika. Itabidi aseme, na itabidi asikie atakachojibiwa.

Ule ujumbe wa nyota ukaingia. Alitoa tano, na mahali pa maoni akaandika kwa kidole kimoja: "Ruta ni nzima. Ilikuwa inaona joto."

Seremala alisikia habari za mlango wake kwa mtu mwingine, maana mtaa hauna siri. Akaja na bisibisi, akaung'oa ule mlango, akaona haitoshi, akang'oa na mbavu za kikabati mpaka kikabaki kibao kitupu ukutani. Alifanya kazi hiyo bila kugeuka.

"Nilidhani naisaidia," akasema.

"Na mimi."

Akakusanya skrubu kiganjani. "Umeshamwambia?"

"Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii," akasema Mama Sare, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi wakatazamana.

Jumapili ilifika, kwani Jumapili huwa haikosi. Ruta ilikaa kwenye kibao chake, nyeusi, uchi, taa zote zikionekana. Mama Sare alikuwa amekaa mahali pake pa kawaida, picha ya marehemu nyuma ya bega lake, na kile kitambaa kilikuwa mkononi. Hakuna ambaye angejua. Angeivalisha tu, wangesalimiana vizuri, na jambo likipanda ngazi za mwisho lingeangukia gizani lenyewe, bila kosa la mtu. Alikitazama kitambaa kwa muda, maua yake yote. Kisha akakikunja, akakikalia, akapiga simu.

Walisalimiana. Yule mgonjwa mkorofi ameruhusiwa kwenda nyumbani. Cherehani imepona. Halafu Nesi akasogea karibu na kamera, na mama akaona macho yake mekundu ya mtu asiyelala.

"Mama, niambie ukweli. Ni sukari au ni presha?"

"Nini ni sukari?"

"Unachoumwa. Kila Jumapili unaniambia kuna jambo, nisishtuke, halafu unanikatia. Mimi nafanya kazi na wagonjwa, najua mtu anayemeza maneno. Nimeshaomba likizo."

"Mimi nikukatie simu?"

"Sasa nani mwingine?"

Mama Sare alifunika mdomo kwa kiganja. Wiki zote zile mtoto alikuwa akihesabu maradhi, na yeye mama alikuwa akihesabu dharau. "Nilidhani wewe ndiye unanikatia," akasema, na akaeleza yote, kitambaa, kikabati, Fundi na chai yake. Nesi alicheka mpaka akainamisha kichwa mezani, na alipokiinua alikuwa anafuta machozi ambayo hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Kwa hiyo huumwi?"

"Siumwi popote."

"Haya. Sasa jambo lenyewe?"

Mama akatazama ukutani. Taa ilikuwa ya kijani, imetulia. Aliingoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho, na ruta haikufanya lolote.

"Seremala wa hapa mbele amenitaka," akasema. "Ndoa. Sijampa jibu. Amesema wewe kwanza."

Uso wa Nesi ulisimama. Macho yalikuwa yameachana na ya mama yake, yamepita juu ya bega, yamefika kwenye picha ya baba yake na vile vipembe vya kitambaa cheupe, na yakakaa huko. Hakuna kilichosogea, si jicho wala mdomo. Mama Sare akasikia bati likilia juu, akasikia watoto barabarani. Akatamani, na tusimlaumu, kwamba iwe imeganda.

"Nesi? Imekatika?"

Kope zikapepesa. "Haijakatika."

"Basi sema neno."

"Sina neno, Mama. Sijui kama leo nitalipata."

"Haya, mwanangu. Acha nikate, upumzike, tutazungumza siku..."

"Usikate," akasema Nesi. "Sina la kusema, lakini usikate."

Basi hakukata. Aliegemeza simu kwenye chupa ya maji, akavuta uzi na sindano yake ya kroshia, kwa sababu mikono yake haijui kukaa. Kule upande wa pili Nesi alikaa shavu mkononi, mara akitazama picha, mara akitazama vidole vya mama yake vikitembea. Walipita ule wakati ambao ruta ilikuwa ikifa, wakauacha nyuma, na taa ilikuwa bado kijani. Mtandao ule ambao haukuwahi kubeba maneno yao mpaka mwisho sasa ulikuwa unabeba kimya chao, na haukuchoka.

Baada ya muda mrefu Nesi akasafisha koo.

"Huyo ndiye aliyeng'oa mlango wa ruta?"

"Ndiye aliyeutia, na ndiye aliyeung'oa."

"Aliutia wa nini?"

"Ili vumbi lisiingie. Hakuna aliyemtuma."

Kitu kidogo kikasogea pembeni mwa mdomo wa Nesi, hakikufika kuwa tabasamu.

"Na wewe ukaivalisha koti."

"Ndiyo, nikaivalisha."

"Basi mnafanana," akasema, na akaendelea kukaa pale pale, shavu mkononi, mama yake akimaliza mstari.